Naomba ushauri: mazabodi (bodi kuu) gani ya bei nafuu kwa kompyuta ya gemu?

Kijana wa Msamvu: Habari za jioni wakuu. Nipo Morogoro. Juzi saa mbili usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili, kompyuta yangu ya gemu ikawa kimya. Feni haizunguki, taa haiwaki. Fundi kasema mazabodi imeungua. Ndani kuna prosesa ya i5-4590, RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti, vyote nimevipata kwa kudunduliza mwaka mzima. Bajeti ni laki na nusu. Nichukue bodi gani? Usingizi sipati.

Zege la Moto: Pole mkuu. Achana na kizazi cha 4, hiyo prosesa ni ya 2014. Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 Microsoft walishaiacha tangu Oktoba 2025. Jichange uchukue bodi ya B450 na prosesa ya Ryzen 5 5600, usahau shida.

Kijana wa Msamvu: Mkuu, RAM yangu ni DDR3, B450 inataka DDR4. Nimesema laki na nusu.

Mama Tumaini: Pole mwanangu. Umeme wa hivyo hivyo uliniulia friji katikati ya Ramadhani, samaki wote wa futari nikawagawia majirani usiku ule ule. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakichomekwi kitu bila friji gadi. Nunua hiyo kwanza, bodi baadaye.

Mkulima wa Mikese: Laki na nusu ni vifaranga na chakula cha kuanzia. Kijana mzima unakosa usingizi kwa ajili ya gemu? Sisi tuliolima tunaumia kusoma haya.

Pini Elfu: Msamvu, hujasema kompyuta yenyewe ni ya aina gani. Umeunga mwenyewe au ni ya kampuni?

Kijana wa Msamvu: Ya kawaida tu mkuu.

Pini Elfu: Soma jina lililoandikwa mbele, uliweke hapa. Jibu lote linategemea hilo.

Kijana wa Msamvu: Dell OptiPlex 9020, ile ndefu. Sikutaja kwa sababu ukisema mashine ya ofisi watu wanakwambia hiyo si ya gemu, na mimi GTA V inacheza vizuri kabisa. Pia niseme yote: fundi nimeshamtangulizia 60,000. Ana bodi ya H61, anasema itakaa.

Pini Elfu: Haitakaa. H61 ni soketi 1155 (soketi ni pale prosesa inapokaa), ya prosesa za kizazi cha 2 na cha 3. Prosesa yako ni soketi 1150. Hata ukipata H81 ambayo soketi inakubali, pawa saplai (kifaa cha ndani kinachogawa umeme) ya 9020 ina plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, wakati bodi za kawaida zinataka pini 24. Utanunua adapta au pawa saplai nyingine, halafu uhangaike na waya za kitufe cha mbele. Kama kweli bodi imekufa, tafuta bodi iliyotumika ya 9020 hiyo hiyo ndefu.

Kijana wa Msamvu: Nakuelewa mkuu, ila huyu fundi ni mzoefu na H61 ndiyo inayoingia kwenye bajeti. Halafu prosesa aliijaribu kwenye Dell 3010 yake ikawaka. Ndiyo maana tukajua bodi ndiyo mbovu.

Nusu Kikombe: Chai hii, na tangawizi imezidi. 3010 ni soketi 1155! i5-4590 haiingii humo hata uishindilie kwa nyundo. Ama uzi umetungwa, ama kuna mtu anataka kutuuzia H61 zake. Picha iko wapi?

Zege la Moto: Na mimi nimeshampigia mtu wa Kariakoo kuulizia bei kwa ajili yako. Si vizuri kuchezea muda wa watu.

Kijana wa Msamvu: Wallahi sijatunga. Alivyojaribu sikuwepo, alinipigia simu tu. Mashine ninayo hapa, nilirudi nayo kusubiri bodi. Ngoja nifungue.

Kijana wa Msamvu: Wakuu, nimemulika kwa tochi ya simu. Skrubu za hitsinki, kile chuma cha kupoza kilichokaa juu ya prosesa, zina vumbi limegandana mpaka ndani ya alama ya bisibisi. Mimi mwenyewe sijawahi kuigusa. Hii haijafunguliwa na mtu yeyote.

Pini Elfu: Basi prosesa haikutoka kwenye soketi yake na hakuna kilichopimwa. Nusu Kikombe, chai ni ya fundi, si ya kijana. Sasa fanya hivi: nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, kuna kitufe kidogo na taa. Waya ukiwa ukutani, kibonyeze. Taa ya kijani isipowaka, chomoa plagi zote zinazotoka kwenye pawa saplai kwenda ndani, ubonyeze tena. Ikiwaka hapo, tatizo ni bodi au kilichochomekwa. Isipowaka, pawa saplai ndiyo imekufa.

Mama Tumaini: Na uvue vyuma mkononi, baba.

Kijana wa Msamvu: Haiwaki. Nimechomoa zote, haiwaki. Nimebadili waya na soketi ya ukutani, bado.

Pini Elfu: Usitoe senti nyingine. Azima pawa saplai ya 9020 au 7020 ndefu popote.

Kijana wa Msamvu: Nimerudi, samahani kwa kimya cha jana. Jirani anafanya kazi stationeri, wana 7020. Ameniazimia pawa saplai yake leo mchana walipofunga. Nimechomeka ile pini 8, nikabonyeza kitufe, taa ikawaka kijani. Feni imezunguka, Windows imefunguka, mafaili yote yapo. Mikono ilikuwa inatetemeka. Picha hizo hapo chini. Saa kumi namrudishia jirani kifaa chake, kisha napitia kwa fundi kudai 60,000 yangu. Mwenye pawa saplai ya 9020 ndefu, Morogoro au Dar, anicheki.

Nusu Kikombe: Picha nimeziona. Nisamehe mdogo wangu. Nina moja nimeitoa kwenye 9020 iliyopasuka kava, nipo Kibaha. Nitaipima usiku huu kwa kitufe hicho hicho, nikikuta nzima nakutumia kwa basi la asubuhi.