Karura au Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kwa wageni wenye siku moja?

Mgeni_wa_Jumamosi
Hamjambo nyote. Mama yangu anakuja kutoka Mombasa na wajukuu wake wawili, wa miaka 7 na 11, nasi tuna Jumamosi moja tu. Watoto wanataka simba, mama anataka kivuli na mahali pa kuketi, na mimi sina gari. Niwapeleke wapi?

Baba_Pacha
Ndugu, jambo la kwanza ni hilo gari. Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye kilomita za mraba 117, hairuhusu mtu kushuka garini ila katika sehemu chache zilizotengwa, kama vile kwenye mabwawa ya viboko kando ya Mto Mbagathi. Utalazimika kukodi gari na kufika langoni saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu jua likishapanda simba hujilaza kwenye nyasi ndefu, nawe unaweza kumpita mita chache usimwone. Dereva niliyemkodi mwaka jana alifika saa tatu unusu. Tuliona twiga, pundamilia, faru mmoja kwa mbali, na masikio mawili ambayo aliapa kuwa ni ya simba. Tembo wa porini usiwaahidi watoto, kwani humo hawamo.

Nyanya_wa_Limuru
Mwanangu, mfikirie mama yako kwanza, maana kutikiswa garini nusu siku si matembezi. Karura ni msitu wa hekta elfu moja na zaidi, njia zake nyingi si za kupanda sana, makutano yana nambari, na watoto wanaweza kukodi baiskeli huku mama amepumzika chini ya miti. Kwenye maporomoko ya maji na mapango kuna mteremko, kwa hiyo mwenye magoti mabovu abaki juu. Chakula kifungieni mfukoni: kima mmoja alinipokonya chapati nikiwa nimeishika, akapanda mtini akaila akinitazama. Waelezeni watoto pia kwamba Januari 1999 Wangari Maathai alijeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda mti hapo, wakati ardhi ya msitu huo ilipokuwa ikigawiwa wajenzi.

Mwalimu_wa_Rongai
Shikamoo Nyanya. Naunga mkono hoja ya magoti, lakini Karura haina simba, na mtoto wa miaka saba hataridhika na kima. Pana njia ya tatu: Nairobi Safari Walk, iliyo kando ya lango kuu la Hifadhi kwenye Barabara ya Lang'ata. Unatembea kwa miguu juu ya daraja la mbao lililoinuliwa, simba akiwa ng'ambo ya uzio, na matatu za Rongai hupita barabara hiyo.

Baba_Pacha
Mwalimu, simba wa uzioni ni simba wa kulishwa. Tofauti hiyo watoto huiona.

Nyanya_wa_Limuru
Marahaba, Mwalimu. Wa kulishwa angalau yuko macho.

Mgeni_wa_Jumamosi
Nimempigia mama simu nikamsomea majibu yenu. Amesema simba aliye nyuma ya uzio ndiye simba pekee atakayekubali kumwendea, kwa hiyo Jumamosi tutakwenda Safari Walk. Karura nitampeleka peke yake siku nyingine, bila chapati.