Ushauri: springi na shokapu za gari la mashindano la wanafunzi, mbele linagoma kukata kona

Kijana_Moro: Wakuu, habari za jioni. Nipo Uingereza nasoma uhandisi mitambo, na kwenye timu yetu ya Formula Student nimekabidhiwa springi na shokapu. Gari na dereva ni kilo 290, asilimia 45 ziko mbele. Springi za mbele ni N/mm 35, yaani kila mm 1 ya kubonyea inataka nguvu ya nyutoni 35. Nimepiga hesabu ya mara ngapi kwa sekunde gari linadunda juu ya springi nikapata 4 Hz, wenzangu wanasema ni ngumu mno. Juzi tulijaribu kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Dereva akikata usukani pua inateleza nje, na kwenye viungo vya zege magurudumu ya mbele yanaruka. Nikakaza shokapu hadi mwisho, ikawa mbaya zaidi. Hela iliyobaki ni ya jozi moja tu ya springi, naogopa kukosea. Nianzie wapi?

MhandisiPwani: Mdogo wangu, hiyo 4 Hz umetumia ugumu wa springi yenyewe. Springi haikai juu ya gurudumu, inasukumwa na roka, kile kiwiko kinachopokea mwendo wa gurudumu na kuupeleka kwenye springi. Gurudumu likipanda mm 10, springi inabonyea ngapi?

Kijana_Moro: Kwenye mchoro ni mm 8, kaka.

MhandisiPwani: Basi uwiano ni 0.8, na unaingia mara mbili, kwenye mwendo na kwenye nguvu: 0.8 mara 0.8 ni 0.64. Ile 35 inakuwa 22.4 kwenye gurudumu. Ukitoa uzito wa gurudumu na breki, kila upande wa mbele unabeba kama kilo 55, kwa hiyo uko 3.2 Hz. Kwa zege la namna hiyo ningependa 2.8, yaani springi ya 27 hivi. Ila usinunue kabla hujapima gari lenyewe. Mchoro si gari.

Fundi_Mbauda: Shokapu ukiikaza hadi mwisho, gurudumu linachelewa kushuka baada ya tuta. Linabaki hewani, na wewe unailaumu springi. Legeza kirekebishio chake kliki mbili mbili. Kisha funga kamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu, isogeze hadi iguse mwili wa shokapu, piga raundi moja, halafu pima imesukumwa mm ngapi. Sheria zenu zinadai gurudumu lipande mm 25 dereva akiwa ndani. Kama hamzitumii, mnazibeba bure.

Dada_Roka: Na hiyo pua, fungua kwanza stabilaiza ya mbele, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ili gari lisilale kwenye kona, haina gharama. Mbele kukiwa kugumu kuliko nyuma, kwenye kona tairi la mbele la nje linalemewa mapema na kuachia.

Kijana_Moro: Nimerudi, wakuu. Tumetoa springi, tukainua gurudumu kwa jeki huku rula ikiwa kwenye shokapu: mm 10 zinatoa 7.2, si 8. Tundu la roka lilitobolewa pembeni kidogo ya mchoro. Kumbe muda wote tulikuwa 2.9 Hz! Raundi ya kwanza kamba ilisogea mm 6. Tulipolegeza kliki nane ikafika 13, magurudumu yakaacha kuruka. Bila stabilaiza pua inashika, ingawa dereva anasema sasa gari linalala zaidi kwenye kona. Springi hatununui, hela inaenda kwenye tairi. Asanteni sana, hasa kaka Pwani. Dada, stabilaiza nyembamba zaidi nitaipimaje?

Dada_Roka: Nitumie kipenyo cha hiyo ya sasa na urefu wa mikono yake, tupige hesabu pamoja.