Ukumbi umezidi mapambo, nauelezaje kwa Kiingereza?

MwanaKatuba: Jambo wandugu. Niko Lubumbashi. Mjomba wetu wa Ndola, Zambia, ameniomba nimwandikie jinsi ukumbi fulani wa harusi ulivyo. Kifaransa hajui, Kiswahili anabahatisha. Nguzo zimepakwa dhahabu juu hadi chini, rido (mapazia) za zambarau zimeshonewa maua ya plastiki, taa zinawaka na kuzimika, na mlangoni kuna simba wawili wa sementi wenye kucha nyekundu. Neno gani linafaa? Usingizi sipati.

Fundi_Plafon: Andika "gaudy": mapambo yanang'aa kupita kiasi. "Garish" ni pale rangi zinapoumiza macho. "Tacky" iache, hiyo inatukana hata bei ya vitu.

Mama Kamalondo: Harusi yangu ilikuwa uani, viti tuliazima kanisani. Watu walikula bukari (ugali) na samaki wakashiba, mpaka leo wanaisifu. Vijana, pesa wekeni kwenye chakula!

Yaya_BelAir: Mdogo wangu, neno moja linakunyima usingizi? Ukumbi ni wa nani?

MwanaKatuba: Ni wa mama mkwe. Yaani atakuwa mama mkwe, mahari haijaisha. Lakini anayelipa ni mjomba, ana haki ya kujua ukweli. "Gaudy" nimeshaiandika, bado kutuma tu.

Yaya_BelAir: Usitume! Weka "ornate". Inasema mapambo ni mengi, haimlaumu mtu. Ndola ni kuvuka mpaka wa Kasumbalesa tu, maneno yatarudi kabla ya harusi.

MwanaKatuba: "Ornate" ataiona sifa, atalipa, halafu akifika atanigeukia mimi.

Papa Shaba: Mobutu aliweka marumaru ya Italia kwenye jumba lake kule Gbadolite, wageni wakaliita Versailles ya msituni, kwa jina la kasri la wafalme wa Ufaransa. Mwenye nyumba alisikia sifa, wengine walisikia kejeli. Tafuta maneno ya namna hiyo.

Mchunguzi243: Mnadanganywa. Simba wenye kucha nyekundu? Kumbi za mji huu nazijua, huyu ametunga.

MwanaKatuba: Kaka, sijatunga. Kucha zilipakwa kwa rangi iliyobaki ya geti. Jina la ukumbi sitaji, mnielewe.

Fundi_Plafon: Ngoja. Simba mmoja hana sikio?

MwanaKatuba: Yule wa kulia.

Fundi_Plafon: Plafon (dari) ya humo niliifunga mimi. Dhahabu niliikataa, mama akasisitiza.

Yaya_BelAir: Basi neno liache. Andika nguzo za dhahabu, rido, taa, simba, idadi ya viti, na umtumie picha. Mjomba atachagua neno mwenyewe.

Mama Kamalondo: Na jiko lina ukubwa gani?