Magavana wa Texas: miaka 105 ya Democratic watupu, ilikuwaje?

Jedwali_Langu: Wakuu, naandaa orodha ya magavana wa Texas na vyama vyao. Kuanzia Januari 1874 hadi Januari 1979 sioni hata Republican mmoja. Kulikuwa na sheria ya chama kimoja? Na John Connally nimwandike chama gani?

Kura_Turufu: Sheria hiyo haikuwepo. Chuki dhidi ya Republican ilianzia kwa Edmund Davis, aliyeingia 1870 majimbo ya Kusini yakiwa yameshindwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Polisi wake wa jimbo waliwaudhi Wazungu wengi, na Desemba 1873 Richard Coke akambwaga kwa kura kama mbili kwa moja. Hapo ndipo kuna kituko: mahakama ya juu ya jimbo ilibatilisha uchaguzi kwa sababu ya nukta mkato! Katiba ilisema kura zipigwe makao makuu ya kaunti mpaka sheria ielekeze vingine; kisha vituo viwe wazi siku 4. Bunge lilizifanya siku kuwa 1. Majaji wakashikilia kwamba ruhusa ya kubadilisha iliishia kwenye alama ile, siku 4 haziguswi. Davis akamwomba Rais Grant askari, akanyimwa, akaachia ofisi Januari 1874.

Mchujo1944: Naongezea kilichoulinda ukiritimba wenyewe. Mwaka 1902 kodi ya kupiga kura iliingizwa kwenye katiba ya jimbo, dola 1.50 au zaidi kidogo kwa mwaka, na masikini wengi, Weusi kwa Weupe, wakabaki nje. Mchujo wa Democratic nao ulikuwa wa Wazungu peke yao hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoupiga marufuku 1944. Aliyeshinda mchujo alikuwa gavana tayari, Novemba ilikuwa kukamilisha ratiba tu. Angalia 1924: Miriam Ferguson alikuwa wa pili nyuma ya Felix Robertson, mtu wa Ku Klux Klan (kundi la ubaguzi la Wazungu), akampindua duru ya pili.

Kura_Turufu: Connally ni Democratic. Alikuwa gavana 1963–1969, akahamia Republican 1973. Andika chama cha mtu akiwa ofisini, basi. Rick Perry alikuwa Democratic bungeni hadi 1989, lakini kwako ni Republican. Sam Houston alishinda 1859 akiwa mgombea huru. Chunga pia mwaka: uchaguzi ni Novemba, kiapo Januari. Wanaochanganya hivyo viwili hupata magavana wawili mwaka mmoja. Perry hafuati mtindo huo, alirithi kiti Desemba 2000 Bush alipojiuzulu kwenda Ikulu.

Jedwali_Langu: Shukrani. Na 1978 Democratic waliangukaje?

Mchujo1944: Walijimaliza wenyewe. John Hill alimng'oa gavana aliyekuwepo, Dolph Briscoe, kwenye mchujo, na chama kikabaki na makundi. Bill Clements wa Republican akamwaga fedha zake kwenye kampeni na kupita kwa takriban kura 17,000 kati ya zaidi ya milioni 2. Mpe safu mbili, 1979–1983 na 1987–1991, kwa sababu Mark White yuko katikati. Democratic wa mwisho ni Ann Richards, aliyetoka Januari 1995.