Mjadala: Je, mwenye nyumba ya zamani Tanga alazimishwe kuondoa asbesto?

Mtoa mada, Raskazone

Ndugu wana-Tanga, naomba tulijadili hadharani jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likizungumzwa chinichini kwenye vikao vya mirathi na wakati wa kuuziana nyumba. Je, Jiji litunge sheria ndogo ya kumlazimisha kila mwenye nyumba ya zamani kuondoa asbesto yote iliyomo ndani yake, yaani yale madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi, au aachwe aitunze hapo ilipo? Wapo wanaotaka iondolewe mara moja kwa kuwa ni sumu, na wapo wanaosema kwamba wazee wetu wamelala chini ya mapaa hayo tangu enzi za Mwingereza bila kudhurika.

Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinazungumzia mapaa peke yake na kusahau mabomba. Baadhi ya majengo yetu ya zamani, hasa yale yaliyowahi kuwa na boila la maji ya moto au mitambo ya mvuke, yana mabomba yaliyovikwa kitu cheupe au cha kijivu kinachofanana na plasta, wakati mwingine kikiwa kimefungwa kwa kitambaa na kupakwa rangi. Kitu hicho kiliwekwa ili kuzuia joto lisipotee, na katika majengo ya karne iliyopita inawezekana kabisa kikawa asbesto. Nasema inawezekana, kwa sababu hakuna jicho la fundi wala la mhandisi linaloweza kuthibitisha; kinachothibitisha ni kipande kidogo kilichochunguzwa maabara kwa hadubini.

Tofauti kati ya paa na bomba ni kubwa. Katika bati la saruji la kuezekea, asbesto kwa kawaida ni kama asilimia 10 hadi 15, nayo imeshikwa na saruji, kwa hiyo bati zima lisilokatwa wala kutobolewa hutoa nyuzi chache. Kifuniko cha bomba kinaweza kuwa na asbesto hadi asilimia 85, na kikizeeka humomonyoka kwa kuguswa tu. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele kwa mara nyingi, hukaa hewani kwa saa kadhaa, na zikifika ndani kabisa ya mapafu mwili hauwezi kuziyeyusha. Aina zote za asbesto husababisha saratani. Shirika la Afya Duniani halijaacha hata moja nje, wala ile nyeupe ambayo wauzaji walikuwa wakiisifu kuwa ni salama.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kuondoa kusiwe lazima kwa kila nyumba, lakini iwe lazima kupima na kumweleza fundi na mpangaji kabla ya nyundo kugusa chochote, na kinachomomonyoka mkononi kishughulikiwe kwanza.

Mchangiaji, fundi bomba, Ngamiani

Assalaam alaykum. Namshukuru mtoa mada kwa kutukumbuka sisi mafundi, kwa sababu mara nyingi mijadala ya namna hii huzungumzia wenye nyumba tu. Tunapoitwa kubadilisha bomba lililooza, tunaambiwa tubandue hiyo plasta ya kizamani ili kazi iende haraka. Kijana wangu wa kazi huigonga kwa nyundo, vumbi hujaa chumbani, kisha hulifagia kwa ufagio mkavu na kurudi nyumbani na nguo zilezile, akambeba mtoto wake.

Ugonjwa wa asbesto haumpati mtu siku hiyo wala mwaka huo. Saratani ya utando wa mapafu, ile inayoitwa mesotelioma, huchukua kwa kawaida miaka 20 hadi 40 au zaidi kujitokeza. Kijana huyo atakapoanza kukosa pumzi, nyumba itakuwa imeshauzwa, mwenye nyumba pengine atakuwa ameshafariki, na hakuna daktari atakayemuuliza kuhusu bomba alilolibandua akiwa na miaka kumi na tisa. Ndiyo maana napinga vikali amri ya kuondoa kila kitu kwa mkupuo. Amri hiyo itazaa mafundi wa bei ya chini watakaofanya kazi usiku bila kinga, na mabaki yatatupwa mikokoni au kwenye dampo la kawaida wanakookota watoto.

Naomba pia watu waelewe kwamba barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Inatakiwa barakoa maalumu yenye kichujio cha daraja la juu, inayobana uso vizuri. Kifuniko hulowanishwa maji yenye sabuni kidogo kabla ya kuguswa, mabaki hufungwa katika nailoni nzito mara mbili, na sakafu hupanguswa kwa kitambaa kibichi.

Mchangiaji, mama mwenye nyumba, Chumbageni

Nimewasoma wote wawili. Nyumba yangu ilikuwa ya watumishi wa umma, marehemu mume wangu akauziwa kihalali, na hakuna karatasi hata moja iliyotaja asbesto. Sasa ninaishi kwa kodi ya vyumba viwili. Mwanangu fundi anataja barakoa maalumu, mtoa mada anataja maabara, nani atalipa? Nikimwambia mpangaji kwamba bomba la nyuma linashukiwa, atahama kesho yake, na jirani yangu mwenye bomba kama langu atakaa kimya na kumpokea. Isitoshe, mama mkwe wangu aliishi humo hadi uzeeni bila hata kikohozi.

Mtoa mada

Mama, shikamoo. Hoja yako ya gharama ni ya haki, nami sioni uadilifu katika kumtwisha mjane mzigo wa nyumba aliyouziwa bila kuambiwa kilichomo. Upimaji wa nyumba zilizotoka mikononi mwa umma ulipwe na umma, na taarifa iwe lazima kwa wenye nyumba wote kwa pamoja, ili mkweli asipoteze mpangaji kwa ajili ya ukweli wake. Pale ambapo kifuniko bado kizima, gharama inaweza kuwa ndogo: kinavikwa kitambaa kizito, kinapakwa rangi ya kukifunga, kinawekewa alama, na kinakaguliwa mara kwa mara.

Kuhusu mama mkwe, Mungu amrehemu, naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma kutoka Afrika Kusini, kwenye eneo la migodi ya asbesto ya buluu, na baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi karibu tu. Mtu mmoja kunusurika hakumlindi mwingine. Hata hivyo wasiwasi usivuke mipaka: wanaouliza kuhusu mabomba ya saruji yenye asbesto, yale ya chini ya ardhi yanayopitisha maji ya kunywa, wajue kwamba Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi thabiti wa madhara kwa njia ya kunywa. Hatari iliyothibitishwa ni ya kuvuta hewa.

Kwa ndugu fundi, nyumba unayoifanyia kazi ni mahali pako pa kazi, na tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayogusa taka hatarishi. Kinachokosekana ni utaratibu unaofika mtaani. Kwa hiyo nawaomba wachangiaji wanaofuata, hasa madiwani na maofisa afya mliomo humu, mtujibu jambo moja kwanza: fundi akishafunga mabaki yake kwa nailoni mara mbili kama alivyoeleza, ayapeleke wapi hapa Tanga, na nani atayapokea?