Tupeane uzoefu: Ulibadili namna ya kuongea na walio chini yako kazini, ikawaje?

Mkuu wa Kitengo

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia kitengo cha huduma kwa wateja, watu 11. Mwaka jana jioni moja nilimwandikia binti mmoja wa kitengo: "Kesho asubuhi naomba tuonane ofisini." Basi, nikaweka simu chini nikaendelea na mambo yangu. Nilitaka kumwambia atakaimu nafasi yangu nikiwa likizo.

Asubuhi akaingia macho mekundu, ana bahasha mkononi. Ndani mna barua ya kuacha kazi. Kaiandika usiku, ajiondoe mwenyewe kabla hajafukuzwa. Nikamuuliza alidhani kafanya kosa gani. Akataja matano. Hata moja sikuwa nalijua!

Baadaye nikakutana na utafiti wa Justin Kruger na wenzake wa mwaka 2005. Watu waliandika sentensi kwa barua pepe, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, wakakadiria kwamba msomaji atazitofautisha mara 78 kwa 100. Wasomaji walipatia mara 56. Ukirusha sarafu unapata 50. Waliosikia kwa sauti walipatia 73. Na hao walikuwa watu wa daraja moja, hakuna bosi hapo. Mimi niliyeshika fomu ya tathmini yake nilitegemea maneno matano yaeleweke vizuri usiku kucha!

Siku hizi siandiki ujumbe wa kumwita mtu bila sababu ndani yake. Nimeanza mimi. Leteni ya kwenu, yaliyowakuta, nadharia tupu tunazo za kutosha.

Mama Zamu

Mimi ni kiongozi wa zamu kiwandani, upande wa kufungasha. Kwa miaka nilikuwa namaliza maelekezo kwa "Mmeelewa?" Wanajibu "Ndiyoo" kama darasa la kwanza. Siku moja tukabandika lebo za bidhaa nyingine kwenye katoni 400. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Kijana mmoja akasema taratibu: "Mama, mimi sikuelewa, ila nikaona wenzangu wamekubali." Nikawauliza wengine mmoja mmoja. Wanne wakasema hivyohivyo. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilionyesha hili miaka ya 1950 kwa mistari tu. Ulikuwa unaonyeshwa mstari na kuulizwa upi unalingana nao, jambo la kuonekana wazi, ila waliokuzunguka wamepangwa wajibu vibaya. Takriban robo tatu ya watu walifuata jibu la uongo angalau mara moja. Ila akipatikana hata mmoja wa kusema ukweli, wanaofuata mkumbo wanapungua sana. Nilichokitumia ni hicho cha mwisho. "Mmeelewa" nimeifuta. Namwambia mmoja, "Hebu nieleze utaanzaje," na naanza na mgeni wa zamu, siyo mzoefu. Mgeni akikwama, wazoefu nao wanapata ujasiri wa kuuliza yao.

Wiki ya kwanza walidhani nawatega. Ilichukua kama mwezi hivi.

Sipendi Vikao

Naomba niongee kama mtu wa chini maana naona mabosi mmejaa humu. Bosi wangu alihudhuria semina ya saikolojia ya uongozi, akarudi mtu mwingine. Akawa anataja jina langu mara tatu kwenye sentensi moja. Nikiegemea kiti naye anaegemea, nikishika kidevu naye anashika. Nilijaribu kujikuna sikio makusudi nione. Akajikuna!

Kibaya zaidi ni sifa. Walimfundisha asifie, akosoe, asifie tena. Sasa ofisi nzima tukisikia "Kazi yako ni nzuri sana" tunashika meza, tunasubiri rungu. Sifa za kweli alizonazo juu yetu zimeharibika zote, haziaminiki tena. Kwa hiyo wakuu, kabla hamjatutumia saikolojia, jiulizeni kama mngependa tujue mnaitumia. Kama jibu ni hapana, hiyo ni hila.

Mkuu wa Kitengo

@Sipendi Vikao nimecheka ila umenigusa. Hiyo ya kuegemea kiti niliwahi kuijaribu. Tuendelee.

Karani Mkongwe

Nipo utumishi, nimesoma fomu za tathmini nyingi kuliko vitabu. Wengi wanaamini mrejesho wowote unasaidia. Avraham Kluger na Angelo DeNisi mwaka 1996 walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za miaka ya nyuma, wakakuta zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha utendaji. Maelezo yao ni kwamba mrejesho unapoivuta akili ya mtu itoke kwenye kazi ihamie kwake mwenyewe, anaanza kujitetea na kazi inabaki palepale.

Mfano uko mezani kwangu. Meneja mmoja aliandika kwa mhasibu msaidizi, "Hauko makini." Yule mama akaja kwangu analia, akanisomea historia yake yote ya kazi. Nikamrudishia meneja fomu, nikamwomba aandike alichokiona kwa macho. Akaandika, "Katika ripoti mbili, jumla ya safu ya tatu haikuhakikiwa." Yule mama aliposoma hiyo hakulia. Alisema, "Ah, ile fomula," akaenda kuirekebisha. Sijui mnanielewa? Samahani @Mama Zamu, swali lako limepigwa marufuku.

Fundi wa Zamani

Nawafundisha vijana karakana. Elizabeth Newton alifanya jaribio Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1990, watu wanagonga meza kwa mdundo wa wimbo maarufu, wengine wabahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walitarajia nusu zitambuliwe. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo wote kichwani, mwenzake anasikia ko-ko-ko tu. Nilipolisoma hilo nikaacha kuwaita vijana wazito. Mengine sina.

Wa Maabara

Yangu ni ndefu na haijaisha vizuri, nivumilieni.

Nilipokabidhiwa maabara, daftari la makosa lilikuwa jeupe. Miezi mitatu, makosa mawili. Aliyenitangulia alikuwa anasifiwa kwa hilo. Mimi nikawa na wasiwasi, maana sampuli zilikuwa zinarudiwa kila siku na hakuna anayesema kwa nini.

Nilikuwa nimesoma habari za mtafiti Amy Edmondson. Alipochunguza makosa ya dawa hospitalini, kwenye utafiti aliouchapisha mwaka 1996, alitarajia timu zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume, zinaonyesha mengi. Akaja kugundua kwamba huenda hawakosei zaidi, ila hawaogopi kusema. Nikaamua mtu akiniletea kosa, neno langu la kwanza liwe "Asante kwa kuniambia", la pili "Tuone lilitokeaje". Swali la "Nani kafanya?" nikalifunga. Si rahisi. Mara ya kwanza nilisema asante huku nimekaza meno, na nadhani waliyaona.

Kilichovunja ukimya ni pale nilipoandika kosa langu mwenyewe kwenye daftari, kwa jina langu. Nilikuwa nimesoma namba ya sampuli vibaya. Kesho yake yakaandikwa mawili. Kufikia mwisho wa mwezi yalikuwa 19, na zaidi ya nusu yalihusu kitu kimoja, lebo zinazofutika zikipata unyevu. Tukabadili lebo, marudio yakapungua.

Sasa sikilizeni. Ripoti ya robo mwaka ikapanda juu. Nikaitwa. "Mbona tangu uchukue wewe makosa yamepanda kutoka 2 hadi 41?" Nikaeleza, nikaonyesha hesabu ya marudio iliyoshuka. Mkubwa mmoja alielewa, mwingine akaniambia nirudishe nidhamu. Nikarudi maabara na watu wangu wananitazama usoni kujua kama leo bado ni salama kusema. Niliwaambia ukweli kwamba nimebanwa, na kwamba daftari linaendelea. Mpaka leo linaendelea. Ila nami sasa najua vizuri jinsi ujumbe wa "njoo ofisini" unavyolala na mtu usiku.

Sipendi Vikao

@Wa Maabara kama una nafasi ya kazi nistue. Sitanii.

Msaka Ripoti

Fupi. Nilimkaripia kijana mbele ya wenzake kwa kuchelewesha ripoti kila Jumatatu. Kumbe takwimu anazozihitaji zilikuwa zinaletwa na idara nyingine Ijumaa jioni, na aliyepanga ratiba hiyo ni mimi. Mwanasaikolojia Lee Ross mwaka 1977 aliupa jina mtindo huu wa kulaumu tabia ya mtu na kusahau mazingira yaliyomzunguka. Nilitaka kumwomba radhi ofisini kwangu, mke wangu akaniuliza, "Ulimkaripia ofisini?" Nikamwomba radhi kwenye kikao, mbele ya walewale.

Mama Zamu

Msalimie sana shemeji. @Mkuu wa Kitengo, na wewe yule binti wa bahasha ulimwomba radhi? Umetueleza utafiti wote, hilo hukulitaja.

Mkuu wa Kitengo

Dada umenikamata. Nilimweleza kwamba hakuwa na kosa, akakaimu, tukayamaliza kwa kucheka. Radhi hasa, hapana.

Nimefungua simu hapa nimwandikie. Nimeanza, "Kesho asubuhi naomba tuo..." nikafuta.