Naomba ushauri: Je, Alaska irejeshe mpango wake wa usimamizi wa pwani?

Ndugu wanajamvi, ninaandaa hoja za mdahalo kuhusu Alaska, jimbo la Marekani ambalo mpango wake wa usimamizi wa pwani ulikoma Julai 2011 baada ya wabunge kushindwa kuafikiana, na ambalo wapiga kura wake walikataa kuurejesha mwaka 2012. Chini ya sheria ya shirikisho ya 1972, jimbo lenye mpango ulioidhinishwa linaweza kupinga vibali vya serikali kuu visivyoafikiana na kanuni zake. Kuiacha nguvu hiyo naona ni hasara kubwa, hasa kwa Wainupiat, wenyeji asilia wa kaskazini mwa Alaska, wanaohofia kwamba kelele za utafutaji wa mafuta baharini zitawafukuza nyangumi wanaowategemea kwa chakula. Wapinzani walidai mpango ungechelewesha miradi. Hoja hiyo niijibuje bila kuipuuza, maana ajira nazo ni riziki za watu?